Gereji ilidai milioni 18, bima ikalipa 11: nikate bima gani kwa magari yangu sita?

"Nina magari sita ya biashara hapa Tanga. Fuso ni tatu: mbili zinabeba mboga kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam na zikirudi zinapakia mzigo wa watu, moja inapeleka machungwa ya Muheza hadi Mombasa msimu ukifika. Canter mbili zinasambaza bidhaa za jumla mjini, Muheza na Pangani. Kuna na pikapu ya zamani ya shughuli ndogondogo. Mwaka jana Fuso moja ilipinduka kwenye kona za Soni. Nilikuwa nimeikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kwa thamani ya shilingi milioni 40, ingawa sokoni Fuso kama ile ilikuwa inauzwa milioni 60. Niliandika 40 ili ada ipungue. Gereji ilidai milioni 18, kampuni ya bima ikanilipa 11 tu. Sasa wakala anataka niweke magari yote bima kubwa kwenye mkataba mmoja. Mdogo wangu anasema tukate bima ndogo zote, pesa inayobaki tuiweke benki, ajali ikitokea tutengeneze wenyewe. Fuso moja bado ina mkopo. Mikataba yote inaisha wiki tatu zijazo. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana na ajali ya Soni, na nashukuru umeandika namba zote bila kuficha. Naona unauliza mambo mawili kwa pamoja. La wazi ni bima ya mwaka huu. La chini yake ni kama ulidhulumiwa mwaka jana, maana mtu anayeamini alidhulumiwa hawezi kuchagua bima kwa utulivu. Nianze na hilo la pili.

Sijaiona hati yako ya bima, lakini hesabu inajieleza. Lori lilikuwa na thamani ya milioni 60, wewe ukaliandikisha kwa milioni 40, yaani theluthi mbili. Gharama ya matengenezo ni milioni 18, na theluthi mbili yake ni milioni 12. Toa milioni 1 ya ekses, ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba, inabaki 11. Kama ekses yako ilikuwa kiasi hicho, ulilipwa sawasawa na ulichonunua.

Najua jibu hilo linauma. Wengi hufikiri kwamba ukiandika 40, basi hasara yoyote isiyozidi 40 italipwa yote, na kwamba upungufu utaonekana tu siku gari likiungua au kuibwa kabisa. Sivyo: ada za wateja wote huingia chungu kimoja, na kila mmoja huchangia kulingana na thamani ya mali yake. Aliyeandika theluthi mbili ya thamani amechangia kwa theluthi mbili ya lori lake. Theluthi iliyobaki amejikatia bima yeye mwenyewe, bila kujua, na theluthi hiyo humfuata katika kila hasara, ndogo kwa kubwa. Tuseme ada yako ilikuwa asilimia 4 ya thamani (ni kiwango cha mfano tu, usikipeleke kwa wakala kama bei). Kwa kupunguza milioni 20 kwenye thamani uliokoa shilingi 800,000 kabla ya VAT. Soni ilikudai milioni 6, ile theluthi ya 18.

Usikimbilie upande wa pili ukaandika milioni 80. Bima ya gari kwa kawaida hukurudisha pale ulipokuwa kabla ya ajali, haikuongezei mali. Lori la milioni 60 likiteketea utalipwa bei yake ya soko ya siku hiyo, na ada uliyolipa kwa ile milioni 20 ya juu itakuwa imepotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuzungumza na wakala yeyote, ni kuyafanyia magari yote sita tathmini upya. Usiitumie bei uliyonunulia. Bei za malori yaliyotumika hupanda na kushuka, na kuna vitu ambavyo watu husahau kuvitaja: bodi uliyochongesha baada ya kununua, maturubai, kifaa cha kufuatilia gari. Kisichotajwa kwenye fomu ni vigumu kukidai baadaye.

Sasa niende kwa mdogo wako. Hoja yake si ya kupuuza, kuna kampuni kubwa za usafirishaji zinazofanya karibu hivyohivyo. Ila kwanza nisahihishe neno "ndogo". Bima tunayoiita ndogo, ya mtu wa tatu, ndiyo iliyolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na shabaha ya sheria hiyo ni binadamu: anayekufa au kuumia kwa sababu ya gari lako. Watu wengi huinunua ili trafiki asiwasimamishe, kisha wanaitupa kwenye droo. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeona wafanyabiashara wakipoteza lori na kuendelea na biashara. Niliowaona wakifunga ofisi ni wale waliojeruhi abiria wa gari jingine huku stika imekwisha au ni ya kughushi. Lori lina bei inayojulikana. Fidia ya baba wa watoto watano aliyepoteza miguu haina bei unayoweza kuiweka kando benki.

Kwa hiyo hata ukifuata ushauri wa mdogo wako, iangalie bima ndogo kwa macho makali. Soma kikomo cha uharibifu wa mali ya watu. Fuso ikiingia dukani au ikigonga basi jipya, hasara yaweza kupita kikomo hicho mara moja, na kinachozidi ni chako. Kuna kampuni zinazokubali kukipandisha kwa nyongeza ya ada. Na usijidanganye kwamba kwa kuwa kampuni hulazimika kumlipa majeruhi aliyeshinda kesi, basi wewe umepona: kama ulivunja masharti ya mkataba, inaweza kumlipa yule kisha ikakugeukia wewe.

Tugeukie hiyo akiba ya benki. Kujibebea hasara kunawezekana pale magari yanapokuwa mengi kiasi kwamba ajali za mwaka zinakaribia kutabirika. Mwenye malori 100 anajua kila mwaka machache yatapata ajali. Hajui yapi, ila bajeti yake haishtuki. Mwenye sita hana uhakika huo. Anaweza kukaa miaka mitatu salama, kisha mawili yakapinduka ndani ya masika moja. Kwa thamani za mfano, Fuso tatu za milioni 60, Canter mbili za milioni 35 na pikapu ya milioni 12, jumla ni milioni 262. Kwa asilimia 4, bima kubwa ya yote ni kama milioni 10 na nusu kabla ya VAT. Ondoa gharama ya bima ndogo ambayo lazima uilipe kwa vyovyote; kilichobaki ndicho mdogo wako anachotaka kukiweka benki. Fuso ikipinduka mwezi wa tatu kama ya mwaka jana, mwenye akiba hiyo anahitaji milioni 18 naye bado hajafikisha hata 10. Na hapo ni lori moja, limeharibika tu, halijateketea.

Ningekushauri uchukue sehemu ya wazo lake. Fuso tatu zikatie bima kubwa kwa thamani kamili. Ile yenye mkopo huna hiari: benki hudai bima kubwa na jina lake liandikwe kwenye mkataba, maana fidia ya lori likiteketea hutangulia kumaliza deni. Pikapu ya zamani iwekee bima ndogo. Gari la milioni 12 likipotea utalia wiki moja, biashara itaendelea. Canter ndizo zinazohitaji uamuzi wako. Kama moja ikisimama miezi miwili unaweza kukodi nyingine bila kukopa, unaweza kuzikatia bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kama haiwezekani, zikatie kubwa. Mimi ningezikatia kubwa mwaka huu, kwa kuwa ajali ya Soni imeshakula akiba yako. Kisha uliza kampuni: nikikubali ekses kubwa zaidi, ada itashuka kwa kiasi gani? Hapo ndipo akiba ya mdogo wako inapofaa. Bampa zilizobonyea na taa zilizovunjika zitengenezwe na mfuko wenu, bima mwiachie hasara inayoweza kuwaangusha.

Lipo jambo hukuuliza ambalo limenitia wasiwasi kuliko yote, nalo ni maneno "zikirudi zinapakia mzigo wa watu". Je, fomu ya bima inasemaje kuhusu matumizi ya gari? Kubeba mali yako mwenyewe ni tabaka moja la hatari, kubeba mzigo wa wengine kwa malipo ni jingine, kubeba abiria ni jingine kabisa. Stika kwenye kioo zinafanana kwa macho, lakini nyuma ya kila moja kuna kifungu cha matumizi, na hicho ndicho mkadiriaji hasara, yule anayetumwa na kampuni kukagua ajali, hukifungua kwanza. Fuso iliyoandikishwa kwa mazao yako, ikipata ajali Chalinze ikiwa imepakia magodoro ya mtu kwa nauli, inawapa sababu ya kukataa dai lote. Tabaka la pili linagharimu zaidi, lilipe. Na iangalie leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo, iendane na kazi unayoifanya. Pikapu vilevile: kama iliandikishwa matumizi binafsi na kila siku inapeleka katoni Pangani, sema ukweli sasa, wakati kusema hakukugharimu kitu zaidi ya tofauti ya ada.

Kuhusu abiria niseme wazi. Wale wachuuzi wanaopewa lifti kutoka Lushoto wakikaa juu ya matenga ya kabichi hawamo kwenye bima ya lori la mzigo. Wakiumia, familia zao zitakuja kwako. Waambie madereva hivyo, na uwaambie kwa nini.

Fuso ya Mombasa ina habari yake. Mkataba wa kawaida huishia mpakani. Ukivuka Horohoro unahitaji kadi ya njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka, na Tanzania imo katika mpango huo. Lakini kadi ya njano kimsingi ni ya mtu wa tatu: inamlinda Mkenya utakayemgonga, haitengenezi lori lako wala hailipi machungwa. Kama unataka bima kubwa ifanye kazi hadi Mombasa, omba nyongeza ya mkataba inayotaja Kenya, kwa maandishi, yenye tarehe. Kauli ya wakala kwamba "hiyo imo" haitakusaidia ukiwa umelala kituo cha polisi Lunga Lunga.

Mzigo wenyewe hauko ndani ya bima ya gari. Unahitaji bima ya mizigo safarini, na kwa mboga soma vizuri: kwa kawaida hulipa nyanya zilizomwagika kwa ajali, hailipi nyanya zilizooza kwa sababu foleni ya mizani ilikuwa ndefu. Kwa kuwa sasa unabeba mali za watu, hii si anasa tena. Mwenye magodoro atakudai wewe. Na mizani nisiipite bure: lori lililozidisha uzito likipinduka kwenye mteremko, uzito huo utaandikwa kwenye ripoti, na mikataba mingi hairuhusu.

Dereva na utingo wako si "mtu wa tatu". Wakiumia kazini, njia yao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Kama hujawasajili, lifanye hilo mwezi huu hata kama bima nyingine zitachelewa. Kwa kila dereva fungua faili lenye nakala ya leseni, daraja lake na tarehe ya kuisha. Daraja lisiloendana na gari, au leseni iliyokwisha siku nne kabla ya ajali, ni miongoni mwa sababu rahisi kabisa za kunyimwa fidia. Uliza pia kama mkataba wako unaongeza ekses kwa dereva kijana au mwenye uzoefu mfupi, maana wengine huwapa vijana Fuso ya kona za Soni bila kujua wamejipandishia makato.

Sasa mkataba mmoja. Hapo wakala wako yuko sahihi kwa sehemu. Orodha moja, tarehe moja ya kuisha, gari jipya linaongezwa kwa ada ya siku zilizobaki, na una nguvu ya kujadili bei kwa sababu unaleta magari sita badala ya moja. Mkataba mmoja haumaanishi kwamba kila gari lazima liwe na kinga ya aina moja. Mwambie akuandalie orodha inayoonyesha bima kubwa kwa haya na ndogo kwa lile. Tatizo la mkataba mmoja ni kwamba historia nayo inakuwa moja. Kampuni itachukua fidia zote ilizolipa na kuzigawa kwa ada zote ulizolipa. Ukiwa umelipa milioni 24 kwa miaka 3 na umepokea fidia ya milioni 15, uwiano ni asilimia 62 na ushee, na juu yake wao wana gharama zao. Uwiano ukikua, ada ya magari yote sita hupanda, hata ya Canter ambayo haijawahi kukwaruzwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutodai vitu vidogo. Omba kampuni yako ikupe rekodi ya madai kwa maandishi. Ndiyo utakayoonyesha kampuni nyingine ukiomba bei.

Kutodai si kutotoa taarifa, na watu huchanganya haya mawili. Ajali yoyote yenye mtu mwingine ndani yake, hata aliyeinuka akajipangusa vumbi akaenda zake, itolee taarifa. Miezi sita baadaye anaweza kurudi na wakili, na kampuni itakuuliza mbona ulinyamaza. Madereva wafundishwe mambo machache na wayakariri: kupeleka majeruhi hospitali na kuhakikisha PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inapatikana, kuita trafiki, kupiga picha kabla lori halijasogezwa, kutokukiri kosa na kutotoa pesa za "tuyamalize hapa hapa", kukupigia simu wewe saa hiyohiyo. Wewe utaiarifu kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Na usiruhusu gereji ifungue hata nati moja kabla mkadiriaji hajafika. Lori lililokwisha kutengenezwa halina ushahidi.

Kabla ya kulipa, jua unayeongea naye. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima. Dalali wa bima anakuwakilisha wewe na anaweza kukukusanyia bei za kampuni kadhaa. Kwa magari sita yenye matumizi tofauti na safari za nje, ningependa uende kwa dalali aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ukae naye mezani, ukiwa na kadi za magari, hati za zamani, rekodi ya madai na leseni za madereva. Kazi hii usiimalize kwa simu. Ukilipa, hakiki kila stika kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, siku hiyohiyo. Kama utalipa kwa awamu, andika tarehe za awamu ukutani, kwa sababu awamu moja ikipita, kinga yaweza kukatika huku stika ikiwa bado inang'aa kwenye kioo.

Kuhusu milioni 7 ambazo hukulipwa mwaka jana (18 kutoa 11), bado una haki ya kuomba mchanganuo wa maandishi wa jinsi fidia ilivyokokotolewa. Ukiona thamani ya soko waliyotumia si milioni 60, au makato ambayo hayamo kwenye hati, peleka malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, kisha kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama katika ajali ile kulikuwa na mtu aliyekufa au kuumia vibaya, usingojee barua: muone wakili sasa, ukiwa na karatasi zote za polisi.

Wiki tatu zinatosha, ila si kwa kupoteza siku. Anza kesho na tathmini ya magari, Fuso kwanza, kwa sababu bila thamani hizo hakuna dalali atakayekupa bei ya kweli, na Fuso ya Mombasa iingie kwenye foleni hiyo kabla haijatumwa Muheza kupakia.